Visu vya Kwenda Navyo Dago



Kaskazi ikianza kuvuma na bahari ya nje ya miamba ikatulia, mashua nyingi za Faza, Kizingitini, Mbwajumwali, Ndau na Kiwayu hupakia na kwenda dago. Wengine hukaa siku tatu, wengine wiki mbili. Hupakia unga, mchele, chumvi, madumu ya maji, nyavu, mishipi na barafu kwa wale wanaoipata. Visu hutupwa juu ya gunia dakika ya mwisho, na mara nyingi ni vile vile vilivyotolewa jikoni bila kumwambia mwenyewe.

Katika makala haya tunataka kuzungumza juu ya hivyo visu. Huenda mtu akasema, "Kisu ni kisu, kuna nini cha kuandika?" Lakini tukihesabu mambo yanayomharibia mvuvi safari yake, mengi yamepita kwenye ncha ya kisu. Samaki amepasuliwa vibaya na bei ikashuka. Kidole kimekatwa na zahanati iko mbali. Na jambo baya kuliko yote, mtu amenaswa na kamba ndani ya maji na hana cha kuikatia.

Neno letu kwa ufupi ni hili: huhitaji visu vingi, unahitaji visu vitatu vyenye kazi tatu, na kimoja kati ya hivyo kisitoke mwilini mwako tangu unapong'oa nanga mpaka unaporudi.

KAZI KWANZA, KISU BAADAYE

Kabla ya kununua, kaa chini uhesabu kazi za dago. Kuna kukata kamba na nyuzi, kukata chambo, kupara na kupasua samaki. Kuna kuchanja samaki wa ng'onda, kukata kuni na makuti ya kibanda, na mambo ya jikoni.

Kisu kimoja hakiwezi kufanya haya yote vizuri. Kisu chembamba cha samaki ukikitumia kupasulia kuni kitavunjika. Panga ukilitumia kutolea matumbo ya tafi, utamwaga nyongo na nyama itakuwa chungu. Kwa hiyo gawanyeni hivi:

1. Kisu cha kiunoni, kimoja kwa kila baharia.
2. Kisu cha samaki, kimoja au viwili kwa chombo kizima.
3. Panga, moja kwa kambi nzima.

Mpishi akitaka kisu chake kidogo cha vitunguu, sawa, na kikae jikoni. Kisu kilichokatia chambo kilichooza kisikate chakula kisichopikwa kabla hakijaoshwa kwa sabuni.

KISU CHA KIUNONI

Hiki ndicho kisu cha kuokoa maisha. Fikiria amari ya nanga inateremka kwa kasi na mzunguko mmoja umeshika mguu wa kijana. Au jarife limeingia kwenye panka ya mashine huku mawimbi yanasukuma chombo mwambani. Au mtu amezama kuangalia kamba mawe akakuta uzi wa nailoni uliopotea, umemzunguka mkono. Hapo hakuna muda wa kuita "leteni kisu!" Mwenye kisu ni yule aliye nacho mwilini.

Tazameni mambo haya:

Kisiwe cha kukunja. Kisu cha kukunja kinahitaji mikono miwili kukifungua, na mkono wako mmoja huenda ndio ulionaswa. Tena mchanga na chumvi huingia kwenye bawaba yake, na baada ya mwezi hakifunguki.

Kiwe kifupi. Bapa la sentimita 8 hadi 10 latosha. Kirefu zaidi ya hapo kinakuchoma ukiinama kuvuta wavu.

Ncha yake iwe butu. Hii huwashangaza wengi, lakini kazi ya kisu hiki ni kukata kamba, si kuchoma. Chombo kikiyumba na wewe unakata kamba iliyo karibu na mguu wa mwenzako, ncha kali ni hatari. Kama kisu ulichonacho kina ncha, isugue kwa tupa mpaka iwe mviringo.

Kikiwa na sehemu yenye meno kama msumeno, ni vizuri. Meno hukata kamba ya nailoni iliyolowa upesi. Lakini ni magumu kunoa, kwa hiyo nusu ya bapa iwe na meno na nusu iwe laini.

Ala yake isiwe ya ngozi. Ngozi hunywa maji ya chumvi na kuyaweka hapo hapo kwenye chuma, na kisu huliwa na kutu ndani ya ala yake mwenyewe. Ala nzuri hutengenezwa kwa kipande cha mfereji wa plastiki au dumu kuukuu. Toboa tundu chini ili maji yatoke. Kisu kibane vizuri, kisianguke hata ukipindua ala juu chini.

Kifungwe mahali ambapo mkono wa kulia na wa kushoto yote yafika. Tia uzi mpinini na kitambaa chekundu, maanake kisu cheusi kikianguka kwenye maji ya chini ya ngalawa hukioni.

Halafu jaribuni. Mkiwa pwani, fumba macho, toa kisu kwa mkono wa kushoto, kata kamba kuukuu, kirudishe. Kila baharia afanye mara tano. Kama hawezi nchi kavu, hataweza ndani ya maji.

Kisu hiki kina kazi nyingine pia. Kasa akinaswa katika jarife, kata nyuzi zilizomshika umwachilie. Tunajua wavu ni pesa. Lakini kasa na nguva wanalindwa na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013, na kesi yake ni ghali kuliko wavu. Ukikata jicho moja moja kwa kisu kikali, shimo huwa dogo na hushonwa jioni ile ile. Kwa kisu butu utavuta na kurarua, na shimo litakuwa la kupita papa.

KISU CHA SAMAKI

Hapa ndipo rizki ilipo. Samaki huanza kuharibika mara tu anapokufa, na joto letu la pwani haliongezi muda. Matumbo na matamvua ndiyo yanayooza kwanza. Kisu kikali hufungua tumbo kwa mkato mmoja, matumbo yakatoka mazima bila kupasuka. Kisu butu huchana, nyama huvurugika, damu na uchafu huingia ndani, na mnunuzi anaona kabla hujafungua mdomo.

Kwa changu, tafi na samaki wa kadiri hiyo, chagueni bapa jembamba la sentimita 15 hivi, linalopinda kidogo ukilisukuma kwa kidole. Kupinda huko ndiko kunakofuata mifupa bila kuacha nyama. Kwa nguru, chewa mkubwa, taa na papa, mnahitaji bapa nene la sentimita 20 au zaidi lisilopinda. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu, angalia samaki mnaowavua zaidi.

Usipare magamba kwa makali ya kisu chako. Tumia mgongo wa kisu, au kipande cha ubao ulichogongomea vifuniko vya soda. Makali yabaki kwa kukata.

Kwa samaki wa ng'onda, pasua kuanzia mgongoni, mfungue kama kitabu, kisha chanja nyama mistari ili chumvi iingie mpaka ndani. Mistari ikiwa michache au mifupi, nje hukauka na ndani huoza, na funza hujua kabla yako. Kazi hii yataka kisu kilichonolewa siku hiyo hiyo.

Mpini ni jambo la kutazamwa sana. Mikono ina utelezi wa samaki, na mpini laini unateleza mpaka vidole vikafika kwenye makali. Uzungushie uzi wa nyavu uliokazwa vizuri, au chagua mpini wenye kizuizi mbele ya vidole. Mkate samaki juu ya ubao, si juu ya paja. Tena bunju asipasuliwe kabisa. Sumu yake haitoki kwa kupikwa wala kwa kuoshwa. Mrudisheni baharini.

Na kama kambini kuna kuku au mbuzi wa kutinda, kisu chake kiwe kikali sana ili mnyama asiteswe. Kwa kuwa vyombo vyetu hubeba Waislamu na Wakristo pamoja, ni uungwana kisu hicho kiwekwe kando, kijulikane na wote, na kisitumike kwa kitu ambacho mwenzako hakili. Jambo hili dogo limeokoa ujirani mwema mara nyingi.

PANGA, NA HABARI YA KUWINDA

Panga ni la makuti, kuni kavu, miiba ya njia ya kisima na madafu. Liwe moja kwa kambi, na mwenye dhamana ajulikane. Chomboni lifungwe kwa gunia na kamba chini ya nyavu. Panga linalotembea sakafuni mwa mashua ni balaa.

Panga si ruhusa ya kukata mikoko. Ukataji wa mikoko una utaratibu wake kupitia idara ya misitu, na tunakumbuka mwaka 2018 serikali ilipopiga marufuku ukataji wa miti, jinsi wakata boriti wetu walivyokaa bila kazi. Kuni za dago ziwe zilizoanguka zenyewe, au muende nazo kutoka nyumbani.

Vijana wengine hutaka pia "kisu cha kuwinda". Hebu tuseme wazi. Kuwinda wanyama kumepigwa marufuku Kenya tangu mwaka 1977. Bara yetu ina hifadhi za Boni na Dodori, na bahari ya kaskazini ni hifadhi ya Kiunga iliyotangazwa mwaka 1979. Ndugu zetu Waawer, ambao wengi huwaita Waboni, waliishi kwa kuwinda tangu zamani, na sheria hiyo iliwagusa kuliko mtu mwingine yeyote. Siku hizi kisu chao cha mwituni ni cha asali, mizizi na miti ya nyumba. Basi usinunue kisu kwa kazi ambayo itakupeleka kortini.

Vile vile jihadharini na vile visu vikubwa vya sinema, vyenye meno mgongoni na dira kwenye mpini. Mpini wake una uwazi ndani, maanake chuma kimeishia mlangoni. Ukikibana kidogo, bapa linabaki kwenye gogo na wewe unabaki na dira.

CHUMA GANI?

Kuna aina mbili zinazouzwa kwetu.

Ya kwanza ni chuma cha kawaida cha feleji, kama kile ambacho wahunzi hufua kutokana na springi za magari. Hunoleka upesi kwa jiwe na hushika makali. Ubaya wake ni kutu. Kikilala usiku mmoja na maji ya chumvi, asubuhi kimegeuka rangi.

Ya pili ni stenlesi. Chuma hiki kimechanganywa na kromiamu, angalau sehemu 10 na nusu katika kila 100, na hiyo ndiyo inayozuia kutu. Lakini kuzuia si kukomesha. Chumvi ikikaa, hata stenlesi hupata vidoto vidoto. Tena zile za bei rahisi ni laini, makali yake yanaisha kabla ya ndoo ya pili ya samaki.

Ushauri wetu: kisu cha kiunoni kiwe stenlesi, kwa sababu kinalowa kila saa na hukitumii sana. Kisu cha samaki kiwe chochote kati ya hivyo viwili, mradi kuna mtu wa kukitunza. Panga liwe feleji.

Visiwa vyetu si vigeni na kazi ya chuma. Siyu ya karne ya 19 ilisifika kwa mafundi wake wa ngozi, wa mbao na wa silaha, na watu walitoka mbali kununua. Mhunzi akiwepo karibu nawe, mpe kazi. Atakutengenezea mpini wa kadiri ya mkono wako, na ukivunjika utajua pa kumpata.

Ukienda dukani, fanya hivi kabla ya kutoa pesa. Tazama kama chuma kimeingia mpinini mpaka mwisho, na kama ribiti zimekaza. Kishike bapa na mpini, kitikise, kikilia, kiache. Kitazame kwa urefu kama unavyotazama boriti, uone kama kimenyooka.

KUNOA NA KUTUNZA

Wahenga walisema mwenye kisu kikali ndiye mla nyama. Sisi twaongeza: na ndiye mwenye vidole kumi. Watu hudhani kisu kikali ndicho kinachokata mikono. Kumbe kisu butu hukata zaidi, kwa sababu unalazimika kukisukuma kwa nguvu, na nguvu ikiteleza haina breki.

1. Lowesha kinoo. Laza kisu, kisha inua mgongo wake kidogo. Kwa kisu chenye upana wa sentimita 3, mgongo uinuke kiasi cha sentimita 1. Kwa kisu chembamba, inua kidogo zaidi chini ya hapo.

2. Sukuma kama unayekata kipande chembamba cha jiwe lenyewe, kutoka mzizi wa bapa mpaka ncha. Fanya upande mmoja mpaka uhisi ukwaru mdogo upande wa pili, halafu geuza. Pima ukwaru kwa kupitisha kidole kutoka mgongoni kuelekea nje, kamwe si kwa kukipitisha kwenye urefu wa makali.

3. Malizia kwa kupitisha mara chache kila upande, polepole.

4. Tupa ni ya panga, si ya kisu cha samaki. Hula chuma kingi. Na mashine ya kunolea ya umeme itumiwe kwa uangalifu. Makali yakigeuka rangi ya samawati, chuma kimepoteza ugumu wake, na sehemu hiyo haitashika makali tena.

5. Jioni, hata kama maji ya dago ni haba, tenga kikombe kimoja cha maji matamu cha kuoshea visu. Pangusa, kausha, paka mafuta ya nazi au ya kupikia kidogo. Usikirudishe kisu alani kikiwa kimelowa.

KISU SI DAWA

Hapa tunaomba msomaji asimame kidogo. Bado wako wanaomchanja mtu kwa kisu akiumwa na nyoka au akichomwa na taa, ati sumu itoke na damu. Sumu haitoki hivyo. Unachoongeza ni jeraha la pili, damu zaidi, na mlango wa vijidudu.

Aliyeumwa na nyoka: msichanje, msinyonye, msifunge kamba ya kukaza. Mtulizeni, kiungo kisitikisike, mumpeleke hospitali haraka.

Aliyechomwa na mwiba wa taa: mguu utiwe katika maji ya moto kiasi anachoweza kuvumilia bila kuungua, kwa muda wa nusu saa hadi saa moja na nusu. Mwenye afya ayapime maji kwanza kwa mkono wake. Maumivu hupungua sana. Mwiba ukiwa umeingia kifuani, tumboni au shingoni, usichomolewe, apelekwe hivyo hivyo.

Aliyejikata kwa kisu: bonyeza kwa kitambaa safi dakika 10 kamili bila kuchungulia, na kiungo kiinuliwe juu. Damu ikikoma, osha kwa maji safi na sabuni, funika. Mkato ukiwa wazi sana, au kidole hakikunjiki, au hakihisi kitu, msingoje dago liishe. Faza kuna hospitali, na Lamu kuna King Fahd. Kila baharia aulize pia habari ya chanjo ya pepopunda kabla ya kuondoka. Pepopunda haijali kidonda ni kidogo.

NJIANI NA MJINI

Sheria ya Kenya haimruhusu mtu kutembea hadharani na silaha bila sababu ya halali. Tangu mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, watu wa Lamu wote wamejifunza kwamba panga mkononi barabarani huleta maswali. Kwa hiyo visu vya kazi vifungwe pamoja na nyavu na visibebwe mkononi jetini Mokowe wala kwenye basi. Ukiulizwa, jibu kwa upole na uonyeshe vyombo vyako vya uvuvi. Ukifika mjini, kisu cha kiunoni kivuliwe. Kisu cha baharini kikiingia kwenye ugomvi wa barazani, si kisu cha baharini tena.

UKIWA NA PESA YA KIMOJA TU

Wengi watasema, "Mwasema vitatu, na mimi sina pesa ya kimoja." Tunaelewa. Basi nunua kisu kimoja kisichokunja, bapa la sentimita 12 hivi, chenye ala ya plastiki, na kikae kiunoni mwako. Kitakata kamba na kitapasua changu, ingawa si kwa uzuri sana. Kinoo, tupa na panga vinunuliwe na kikundi au BMU na kuazimwa kwa zamu. Tangu ujenzi wa bandari mpya uliposumbua maeneo ya karibu ya kuvulia, wengi wetu twaenda mbali zaidi na kukaa zaidi. Kadiri safari inavyokuwa ndefu, ndivyo kitu kidogo kilichosahauliwa kinavyokuwa kikubwa.

MASWALI YA KUJADILIANA KATIKA KIKUNDI

1. Katika chombo chenu, ni mabaharia wangapi walio na kisu mwilini wakati wa kuvuta wavu?

2. Ni nani mwenye dhamana ya panga? Je, kila mtu anajua?

3. Msimu uliopita, ni samaki kiasi gani waliouzwa kwa bei ya chini kwa sababu walipasuliwa vibaya? Pesa hizo zingenunua visu vingapi?

4. Mtu akijeruhiwa usiku kule dagoni, ni njia gani ya haraka ya kumfikisha hospitali? Mmeipanga kabla ya kuondoka?

Tunawatakia msimu mwema na kurejea salama.